Kanuni ya Kumi na Nne

Ukutani mwa zahanati, kati ya dirisha la dawa na mlango wa chumba cha kupimia, ilibandikwa karatasi kubwa ya manjano yenye kanuni kumi na sita za mama mjamzito. Ilikaa pale miaka tisa, ikapigwa na jua hadi ikapauka pembeni, na sidhani kama kuna mjamzito hata mmoja aliyeisoma mpaka chini. Si kwa kutojua kusoma. Benchi lilikuwa gumu, foleni ilikuwa ndefu, na mtu anayepambana na kichefuchefu tangu alfajiri hana hamu ya orodha ya mambo anayokosea.

Aliyelijua hilo kuliko wote alikuwa muuguzi wa wajawazito, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wanawake walimwita Sista Tatu. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na benchi. Kila mjamzito alipomaliza kupimwa, Sista aliigeuza kadi yake ya kliniki, akachomoa kalamu nyekundu mfukoni, akamwandikia nyuma kanuni tatu. Tatu tu. Ukimwomba ya nne alikutazama kama mtu aliyeombwa jino.

"Mshika mbili moja humponyoka," alikuwa akisema. "Sasa huyo mshika kumi na sita si atabaki na kucha zake?"

Benchi zima lilicheka, na waliocheka walirudi mwezi uliofuata, jambo ambalo karatasi ya manjano haikuwahi kulifanikisha.

Alichagua kwa jicho. Mwanamke aliyebeba mizigo sokoni alimwandikia asibebe, na akamfundisha namna ya kumwambia tajiri wake. Mwenye kope nyeupe ndani alimwandikia vidonge vya kuongeza damu. Aliyenukia pombe saa tatu asubuhi aliandikiwa pombe mara tatu, mistari mitatu, kanuni hiyohiyo. Na alikuwa hodari wa kulegeza vilevile. Kahawa? Kunywa kikombe kimoja, usije ukamuuma mumeo. Mito mitatu ya kulalia? Una mto mmoja na watoto wawili wanaugombania, achana nayo. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari. Daktari alimpa masharti kumi, akashika matatu, na chai yake iliendelea kupata vijiko viwili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Msione ni uvivu. Mambo hayo yalikuwa na asili yake.

Dada yake mkubwa alipopata ujauzito wa kwanza, kila mtu alimpa sharti. Mama mkwe alitoa yake, mawifi wakaongeza yao, na kliniki nayo ikamkabidhi karatasi. Asile hiki, asiinue mikono, asilale chali, asicheke sana, asinywe maji ya baridi, ameze hivi, asimeze vile. Dada akakonda kwa hofu. Siku moja muuguzi wa kliniki aligundua kwamba vidonge vyake havijapungua, akamfokea mbele ya watu mpaka dada akalia. Hakurudi tena. Mwezi wa nane alipoanza kutokwa na damu, alikaa chumbani tangu asubuhi hadi jioni bila kumwambia mtu, kwa kuogopa kuulizwa amevunja sharti lipi. Alipotolewa mle ndani alikuwa ameshapoa. Sista wakati huo alikuwa binti wa miaka kumi na saba, na ndiye aliyefua mashuka. Akaingia uuguzi kwa ajili ya mashuka yale, na akaapa kwamba kwake hakuna mwanamke atakayeogopa kanuni.

Kwa hiyo kalamu nyekundu haikuwa mchezo. Waliokuwa wakija kliniki mara moja wakaanza kuja mara nne. Wakubwa kutoka makao makuu wakasikia, wakaja na gari jeupe, wakampiga picha ameshika kalamu, wakamwambia hii ndiyo akili tunayoitaka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Sista alisifiwa sana. Taratibu akaanza kuliamini jicho lake kuliko karatasi, na ikafika siku akaliamini kuliko hata kipimo.

Kwenye karatasi ile, kanuni ya kumi na nne ilihusu maumivu ya kichwa, dalili ya presha kwa mjamzito. Hiyo aliwaandikia wachache. Aliwapa wanene, waliopita miaka thelathini na tano, na waliokuwa na mama au dada wenye presha. "Presha ina sura yake," alikuwa akiwaambia wauguzi wanafunzi, "na mimi hiyo sura naijua." Kwamba ujauzito wa kwanza nao ni sababu tosha, aliusoma ukweli huo chuoni na akaufaulu mtihani wake. Lakini wenye ujauzito wa kwanza walikuwa wengi, na kila kadi ilikuwa na nafasi tatu.

Sasa tuje kwa binti mmoja.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mkataji katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza ndefu, kupanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, kuchora kwa chaki na kukata. Ukikosea tabaka la juu umekosea mashati thelathini, kwa hiyo hakuwa mtu wa kukosea. Alikuja kliniki na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kwa sababu aliomba ruhusa ya saa moja na alikusudia kurudi baada ya saa moja. Mwembamba, mchangamfu, mimba ya kwanza, miezi saba na kitu. Miguu imevimba.

"Unasimama saa ngapi kwa siku?" Sista alimuuliza.

"Kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, Sista. Nakaa wakati wa kula tu."

"Basi miguu isivimbe kwa nini? Ingekuwa yangu ingeshapasuka."

Akampima presha. Ilikuwa imepanda kidogo. Sista akamtazama, akaona shingo nyembamba na meno yanayocheka, akamwambia, "Wewe umekuja mbio. Kaa hapo upumue." Baada ya dakika kumi akampima tena. Ilishuka kidogo, si sana. Aliyoiandika kwenye daftari ni ile iliyoshuka.

Kisha akageuza kadi. Ya kwanza: kila baada ya saa moja kaa, uinue miguu. Ya pili: vidonge vya damu kila siku. Ya tatu: ukichoka au ukijisikia vibaya, acha kazi, lala ubavu wa kushoto upumzike.

Binti akazisoma, akaitazama kadi kama anayepima kitambaa kisichotosha.

"Sista, na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Za pale ukutani. Ziko kumi na sita, nimezihesabu nikiwa kwenye foleni. Mimi nipe zote tu. Sisahau vitu mimi."

Sista akacheka. Nje benchi lilikuwa limejaa na mtoto wa mtu alikuwa analia. "Mwanangu, hizo nyingine ni za kupamba ukuta. Wewe shika hizi tatu, utajifungua salama. Tuonane baada ya wiki nne."

"Haya, Sista. Nikishachorewa mstari, mimi sikati nje yake."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho mle chumbani, na Sista aliyasahau kabla hajamwita aliyefuata.

Jumatano ya wiki ya nne, asubuhi, simu ilipigwa kutoka hospitali kubwa. Aliyepiga alisoma naye chuo kimoja, na walizoea kutaniana. Siku hiyo hakutania. Alimtajia namba ya kadi, akamuuliza kama ni mtu wao. Aliletwa Jumanne alfajiri akiwa tayari na kifafa cha mimba, amejiuma ulimi, hajui aliko. Walimpasua wakamtoa mtoto. Mtoto wa kike yu hai, kilo moja na nusu, amewekwa kwenye mashine ya joto. Mama alifariki jioni ya siku ileile bila kuamka.

Sista alishika simu mpaka ikakata yenyewe. Akaenda kufungua daftari, akakuta presha aliyoiandika, namba safi isiyo na kosa. Ndipo maneno yakarudi, moja baada ya jingine. Nipe zote. Sisahau vitu mimi. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, na hakuinuka hata wanawake wa nje wakadhani sukari imempanda. Mmoja akamletea maji.

Mkuu wa zahanati, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye viatu vya kung'aa na roho isiyopenda makelele, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Nimepitia daftari, mama. Presha ya kawaida. Vidonge amepewa. Sioni kosa lililo letu."

"Sikumwambia kuhusu kichwa."

"Hilo limeandikwa wapi?"

"Halijaandikwa. Ndilo nililokwambia, sikuliandika."

"Kanuni zote ziko ukutani, kila mtu anaziona. Hayo ya nyuma ya kadi ni mazungumzo yenu tu." Akashusha sauti. "Mume wake akija, mpe pole. Mwambie ni kazi ya Mungu. Kwani ni uongo?"

Sista akafungua mlango akatoka. Alirudi kwenye chumba chake na kwa wiki tatu akaendelea kuandika tatu, tatu, tatu, kwa sababu mkono ulishazoea na kwa sababu kuacha ghafla kungekuwa kukiri. Lakini kila mwanamke alipofika mlangoni alimwita arudi, akamnong'oneza kuhusu kichwa na macho, huku akitazama pembeni kama mtu anayerudisha kitu alichoiba. Chai akaiacha kabisa. Si kwa masharti ya daktari, ilikuwa haishuki.

Baada ya wiki hizo tatu, Jumatatu moja, mume alikuja. Alikuwa fundi bati, anatengeneza ndoo, majiko na masanduku kwenye uga wa nyumba yake, kijana mwenye vidole vyeusi vilivyojaa makovu madogo ya makali ya bati. Alikaa kwenye benchi, mwanamume peke yake kati ya matumbo tisa, akasubiri zamu yake bila kumwomba mtu ampishe. Sista alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Aliwapima wanawake watano akijua yupo pale, na wa tano alimpima mara mbili bila sababu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Pole sana."

"Asante. Nimeshapoa."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea. Amefika kilo mbili kasoro. Wanasema wiki ijayo atatoka kwenye joto." Akachomoa kitu kutoka mfuko wa shati. "Nimekuja na swali moja tu, Sista. Sitakuchelewesha."

Ilikuwa kadi. Akaiweka mezani ikiwa imegeuzwa, upande wa maandishi mekundu. Chini ya kila kanuni marehemu alipiga mstari ulionyooka, na juu ya mstari akaweka alama ndogo za vema kwa penseli, zimepangwa saba saba, kila wiki imetengwa na nyenzake kwa nafasi sawa. Siku ishirini na tatu, kanuni tatu. Hapakuwa na pengo hata moja. Vema ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu.

"Mama yangu anasema kuna alichovunja," fundi alisema. "Anasema mtu hafi hivihivi na kanuni mkononi. Kwamba alikuwa mkaidi, kazi kazi, kajiua mwenyewe. Anawaambia watu. Na yule mtoto akikua ataambiwa vilevile, si ndiyo? Mimi nimetafuta kwenye kadi sioni. Nikasema aliyeandika ndiye ajuaye. Ni ipi, Sista?"

Sista alikuwa ameukunja mkono mmoja juu ya mwingine. "Siku zile za mwisho ilikuwaje?" akauliza, na alipokuwa anauliza alikwishajua.

"Jumapili aliamka kichwa kinamuuma. Akanitania, akasema kinagonga kama niko mle ndani natengeneza ndoo. Baadaye akaniambia anaona vimulimuli, na ulikuwa mchana. Nikamwambia wewe lala, si umeandikiwa? Ya tatu hii hapa. Akalala, ubavu wa kushoto, nikamfungia pazia. Mimi nikaweka nyundo chini. Jumapili sikugonga bati, Jumatatu sikugonga bati. Ule uga haujawahi kunyamaza siku mbili, majirani wakaja kuniuliza kama tuna msiba." Akainyoosha kadi pale mezani. "Nikawaambia hapana, mke wangu anapumzika."

Nje mtu alikohoa. Fundi akainama mbele.

"Ila Jumamosi alibeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka ndani. Mimi sikuwepo, mama ndiye aliyemwona. Na pale ukutani nimeona iko kanuni ya kubeba vizito. Njoo nikuonyeshe."

Akanyanyuka kabla hajajibiwa, akatoka, naye Sista akamfuata kwa sababu miguu ilikuwa imeshaamua. Fundi alisimama mbele ya karatasi ya manjano, kidole cheusi juu ya kanuni ya saba.

"Ni hii?"

Hapo mambo yalikuwa mepesi kuliko yatakavyokuwa tena katika maisha yake. Neno moja, ndiyo, na yule kijana angekwenda nyumbani. Kalamu ingebaki mfukoni, picha alizopigwa na wakubwa zingebaki ofisini. Na si yeye tu ambaye angepona. Akimwambia ukweli, huyu kijana atajua kwamba zile siku mbili za ukimya ndizo siku mbili ambazo mkewe angeweza kuwekwa kwenye gari na kuokolewa. Kwamba alimlinda na kelele za nyundo huku kifo kimekaa kitandani. Kwa nini umtwike mtu mzigo huo? Sista alijiambia anamhurumia. Na alimhurumia kweli. Lakini alikuwa ameishi miaka mingi vya kutosha kujua kwamba huruma yake ilikuwa imekaa kiti kimoja na woga, na kwamba aliyekuwa anazungumza ni woga.

Mlango wa ofisi ulifunguka. Mkuu alisimama kizingitini, akamtazama Sista, akatikisa kichwa kidogo sana.

Na hapo ndipo alipomkumbuka dada yake chumbani, ameshika tumbo, saa baada ya saa, akiogopa swali moja. Amevunja lipi. Sasa swali hilohilo lilikuwa linaulizwa juu ya maiti, na kesho lingerithishwa kwa kitoto cha kilo mbili kasoro.

"Siyo hiyo," Sista alisema.

Kidole kikashuka. "Hii ya nane?"

"Siyo."

"Ya tisa? Sigara havuti. Ya kumi?"

"Siyo."

Kidole kilikuwa kinashuka polepole, kikiacha alama ya masizi kwenye karatasi, na kwenye kumi na mbili Sista alishindwa kuvumilia. Akanyoosha mkono wake, akaweka kidole chake kwenye ya kumi na nne.

"Soma hii, mwanangu."

Fundi hakuwa msomaji wa haraka. Aliisoma kwa sauti, neno moja moja. "Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au vimulimuli. Usingoje. Njoo kituoni siku hiyohiyo." Akairudia bila sauti, midomo tu ikitembea. Kisha akaigeuza kadi, akaitafuta mle, akaigeuza tena kana kwamba kuna upande wa tatu.

"Hii haipo."

"Haipo."

"Mbona haipo?"

"Sikuiandika. Mke wako alinihesabia kanuni hizi zote, akaniomba nimpe zote. Nikamwambia nyingine ni za kupamba ukuta." Sauti yake ya kuita ng'ambo ya barabara ilikuwa imeisha, lakini kila mtu alisikia. "Hakuvunja hata moja. Alishika zote nilizompa. Ndizo zilizomlaza pale. Aliyekosea ni mimi."

"Sista," Mkuu aliita. "Ingia ndani, tafadhali."

Hakuingia.

Alitarajia kofi, na angelipokea kwa shukrani. Fundi hakuinua mkono. Alivitazama viganja vyake, vyote viwili, kama vya mtu mwingine.

"Siku mbili," akasema. "Nilidhani namsaidia."

"Ulifanya ulichoambiwa. Aliyekuambia ni—"

"Usinifariji."

Mwanamke mmoja kwenye benchi alikuwa analia chinichini, ameziba mdomo kwa kanga, mkono mwingine umeshika tumbo lake. Fundi akampa Sista kadi.

"Andika."

"Mwanangu..."

"Iandike. Ya nne. Na uandike kwamba hakuambiwa. Mtoto wangu atakuja kujua kusoma."

Sista aliiweka kadi ukutani, juu ya karatasi ileile ya manjano, akachomoa kalamu nyekundu. Chini ya kanuni tatu na mistari ya vema iliyonyooka aliinakili ya kumi na nne neno kwa neno, herufi zikipanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Chini yake akaandika: Hii hakuambiwa. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Akatia jina lake kamili, ambalo wengi wa pale benchini hawakuwahi kulisikia. Mstari ule wa nne ulikuwa umebanana chini kabisa ya kadi, na juu yake hapakuwa na vema.

Fundi aliupuliza wino ukauke. Akaiweka kadi mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Kesi ilichukua miezi miwili. Mkuu aliandika kwamba muuguzi alizungumza hadharani akiwa amechanganyikiwa na kisukari, na Sista akaandika kwamba hakuchanganyikiwa. Alipewa onyo kwa barua, akanyang'anywa chumba cha wajawazito, akawekwa kwenye mizani ya watoto. Kalamu hakunyang'anywa na mtu. Aliitupa mwenyewe kwenye ndoo ya taka za sindano. Chumba cha kupimia sasa kina muuguzi mpya anayesoma kanuni zote kumi na sita kila asubuhi, na kwenye ya sita nusu ya benchi inakuwa imeshasinzia. Sista huwasikia wakikoroma kutoka kwenye mizani. Bado anaamini kwamba kumi na sita ni nyingi mno. Hajui tena ni zipi za kupunguza, na hilo huliwaza karibu kila siku.

Wiki ya kwanza mizanini, bibi mmoja alifika amembeba mtoto wa kike mdogo sana, amefungwa blanketi mbili. Hakumsalimia muuguzi. Alimvua mtoto mwenyewe, akamweka kwenye mizani mwenyewe, na alipokuwa anasubiri namba itulie alimgeukia jirani yake kwenye foleni.

"Mama wa huyu alishika kanuni zote," akasema kwa sauti ya kusikika. "Hakuvunja hata moja. Kama kuna mtu amekwambia alivunja, hata kama ni mimi, ni uongo." Kisha akamwonyesha Sista kwa kidevu. "Huyu ndiye aliyemnyima."

Sista aliisoma mizani. Kilo tatu na robo. Akaiandika, akaisoma tena kuhakikisha, akamrudishia mtoto mikononi.

Kutoka mwisho wa foleni, msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni, mgeni aliyelisikia jina tu bila habari yake, alipaza sauti, "Sista Tatu, wanaofuata waje?" Bibi akageuka kutazama kama ataitikia jina hilo.

"Waje," Sista alisema, akaifuta mizani kwa kitambaa.